Karne ni watu, si miaka

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa uhai na mauti. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba wake.

Ndugu msomaji, juma hili napenda tujifunze kupitia habari za watu wa mwisho duniani waliozaliwa karne ya kumi na tisa. Unaweza kudhani kuwa hizi ni habari za kustaajabisha tu, za kusomwa na kusahauliwa. La hasha. Ndani yake mna somo la dini na somo la dunia, na linatugusa sisi watu wa mijini kuliko tunavyofikiri.

Ni nani hao?

Tarehe 15 Aprili 2017, katika mji wa Verbania, kaskazini mwa Italia, alifariki bibi kizee aitwaye Emma Morano. Alizaliwa 29 Novemba 1899, hivyo alikuwa na umri wa miaka 117. Kwa mujibu wa kumbukumbu zilizohakikiwa, huyo ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho aliyezaliwa katika miaka ya 1800. Kwa upande wa wanaume mlango ulifungwa mapema zaidi. Mzee Jiroemon Kimura wa Japani, aliyezaliwa Aprili 1897, alifariki Juni 2013 akiwa na miaka 116.

Hata hivyo, hesabu haikuishia kwa Bibi Morano. Karne ya kumi na tisa haikumalizika Desemba 1899 bali Desemba 1900, kwa kuwa karne huanza na mwaka wa kwanza na kukamilika kwa mwaka wa mia. Kwa hesabu hiyo walikuwa wamebaki wawili wanaojulikana. Wa kwanza ni Violet Brown wa Jamaika, aliyezaliwa Machi 1900 na kufariki Septemba 2017. Wa pili ni Nabi Tajima wa kisiwa cha Kikai huko Japani, aliyezaliwa 4 Agosti 1900. Bibi Tajima alipofariki tarehe 21 Aprili 2018, karne nzima ilikuwa imeondoka juu ya mgongo wa ardhi.

Tusidhani kuwa umri huo ni neema tupu isiyo na uchungu. Mwezi Aprili 2017, miezi michache kabla ya yeye mwenyewe kufariki, Bibi Brown alifiwa na mwanawe aliyekuwa na miaka 97. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na miongoni mwa hayo mengi ni kuwazika uliotarajia wakuzike wewe. Ndiyo maana Mtume (S.A.W.) alipoulizwa ni nani mbora wa watu, hakuishia kumtaja mwenye umri mrefu, bali aliambatanisha umri mrefu na amali njema.

Karne ni nini?

Neno letu "karne" asili yake ni neno la Kiarabu "qarn". Sisi tumelichukua kwa maana ya miaka mia moja, lakini katika Kiarabu lina maana nyingine iliyo pana zaidi, nayo ni watu wa zama moja, yaani kizazi kilichoishi pamoja. Kwa maana hiyo, karne ni watu kabla haijawa miaka.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim, kutoka kwa Abdullah bin Umar (R.A.), kuwa Mtume (S.A.W.), mwishoni mwa uhai wake, aliwaswalisha Maswahaba Isha kisha akawaeleza kuwa ikipita miaka mia moja tangu usiku ule, hatabaki hata mmoja katika wale waliokuwa juu ya ardhi wakati huo. Baadhi ya watu walifazaika, wakadhani kuwa Kiyama kitasimama baada ya miaka mia. Ibn Umar akawafafanulia kuwa kilichokusudiwa ni kumalizika kwa qarn ile, yaani watu wa zama zile.

Na ndivyo ilivyokuwa. Maswahaba waliondoka mmoja baada ya mwingine, mji baada ya mji. Kule Basra, wa mwisho alikuwa Anas bin Malik (R.A.), aliyemhudumia Mtume (S.A.W.) kwa miaka kumi. Kwa kauli mashuhuri, Anas alifariki mwaka 93 Hijria akiwa amevuka miaka mia moja. Na wa mwisho wao wote ni Abu Tufayl Amir bin Wathila (R.A.), aliyefariki Makka. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya mwaka wake: wapo waliosema 100 Hijria, wapo waliosema 107, na wapo waliosema 110. Utaona kuwa kauli zote hizo hazivuki mpaka uliotajwa, kwani Mtume (S.A.W.) alifariki mwaka 11 Hijria.

Hebu tutafakari. Siku alipofariki Abu Tufayl, hakubaki tena mtu juu ya ardhi aliyeweza kusema, "Mimi nilimuona kwa macho yangu." Kuanzia siku hiyo, kila aliyetaka kujua alilazimika kuuliza: nani kasikia kutoka kwa nani?

Waliotangulia walifanya nini?

Hapa ndipo penye somo kubwa. Umar bin Abdul-Aziz alishika ukhalifa kuanzia mwaka 99 hadi 101 Hijria, wakati ule ule ambao karne ya Maswahaba ilikuwa inafikia ukingoni. Bukhari ameeleza katika Kitabu cha Elimu kuwa Khalifa huyo alimwandikia Abu Bakr bin Hazm wa Madina, akimwagiza azitafute Hadithi za Mtume (S.A.W.) na aziandike, kwa kuwa alichelea kupotea kwa elimu na kuondoka kwa wenye elimu. Khalifa aliona mlango unafungwa, akatoa agizo kabla haujafungwa kabisa.

Si kuandika tu, bali walipima pia. Waliandika mwaka aliozaliwa msimulizi, mwaka aliofariki, miji aliyofika na watu aliokutana nao. Mtu akidai kusikia kwa sheikh fulani, huulizwa ni mwaka gani. Ikidhihirika kuwa sheikh huyo alikwishafariki mwaka huo, basi hadithi yake hurejeshwa.

Mfano mashuhuri ni wa mtu aliyeitwa Ratan wa India. Huyu alijitokeza yapata miaka mia sita baada ya Hijra akidai kuwa ni Swahaba na kuwa alimuona Mtume (S.A.W.). Wako waliomsadiki na kupokea masimulizi yake. Imam Dhahabi, aliyefariki mwaka 748 Hijria, aliandika kitabu kizima cha kumkanusha. Nayo Hadithi ile ya miaka mia moja peke yake inatosha kuyaporomosha madai ya Ratan.

Tatizo hilo halijaisha. Huko Indonesia, kwenye kisiwa cha Java, alikuwepo mzee aliyejulikana kwa jina la Mbah Gotho. Alifariki Aprili 2017, majuma mawili tu baada ya Bibi Morano. Kitambulisho chake kilionesha kuwa alizaliwa Desemba 1870, maana yake alikuwa na miaka 146. Wahakiki wa umri hawakumuingiza katika orodha yao, kwa sababu hapakuwa na daftari la zama za kuzaliwa kwake la kuthibitisha. Kitambulisho kinachotolewa ukubwani huandikwa kwa kauli ya mwenyewe, na kauli peke yake si ushahidi.

Na sisi je?

Ukiitazama orodha ya watu waliohakikiwa kuishi miaka mingi, utakuta imejaa Wajapani, Wamarekani, Wafaransa na Waitaliano. Wajapani wana daftari la taifa la kila familia tangu mwaka 1872. Je, Afrika nzima haikuwa na bibi wa miaka 117? Hakuna awezaye kusema hivyo. Tatizo ni kuwa bibi zetu walizaliwa bila kuandikwa popote. Umri wao ulihesabiwa kwa matukio: huyu alizaliwa wakati wa Maji Maji, yule alianza kutembea vita ya Mjerumani ilipoanza. Walikuwepo, wakaishi, wakafa, na daftari halina habari nao.

Lakini upo mfano mzuri hapa hapa kwetu. Mwaka 1968, wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, wakayaandika masimulizi yao. Ilikuwa imepita miaka 63 tangu vita ianze. Lau wangechelewa miaka ishirini tu, wangekuta makaburi.

Sasa fanya hesabu. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Miaka 63 tangu siku hiyo ilitimia mwaka 2024. Sisi leo tuko mbali na Uhuru kuliko wanafunzi wale walivyokuwa mbali na Maji Maji. Kijana wa miaka 18 aliyeishuhudia bendera ikipandishwa sasa amevuka miaka themanini. Yuko chumba cha uani hapo mtaani kwenu, anaombwa apunguze sauti ya redio.

Mimi nafundisha somo la Maarifa ya Uislamu sekondari. Niliwahi kuwaagiza wanafunzi wangu kila mmoja aandike jina la mwalimu aliyemfundisha babu yake Qur'an, na chuo hicho kilikuwa wapi. Wengi walikwama. Si kwamba babu zao hawakusoma, bali hakuna aliyewahi kuwauliza. Baadhi yao walirudi na majibu mazuri sana, na wengine walirudi na jibu moja: babu ameshafariki.

Tufanye nini?

Kwanza, tuwaulize wazee wetu wakiwa hai. Tusiulize kwa ujumla, "Zamani kulikuwaje?" Tuulize mambo mahsusi: nani alikufundisha, nani aliujenga msikiti huu, ardhi hii ilitolewa wakfu na nani, na mashahidi walikuwa akina nani? Misikiti mingapi leo ina migogoro ya viwanja kwa sababu aliyejua alizikwa na alichokijua?

Pili, tuandike kwa isnadi. Andika jina la msimulizi, jina la baba yake, siku uliyomsikiliza, na kama aliliona jambo mwenyewe au alisimuliwa. Leo kila mtu ana simu ya kurekodi sauti. Muombe mzee ruhusa, kisha rekodi.

Tatu, tupime. Mzee kukosea tarehe si uongo, ni ubinadamu. Linganisha maneno yake na ya mwenzake, na matukio ambayo tarehe zake zinajulikana. Heshima kwa mzee haizuii uhakiki. Waliotangulia walihakiki hata kwa watu waliowapenda.

Nne, tuandikishe watoto wetu. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto anayezaliwa leo ni ushahidi utakaotafutwa baada ya miaka mia.

Mwisho, tujitazame sisi wenyewe. Karne ya kumi na tano ya Hijria ilianza Novemba 1980. Mimi nimezaliwa ndani yake. Wewe msomaji uliyezaliwa kabla ya hapo tayari ni mtu wa karne iliyopita, na wenzako wanapungua kila mwaka. Atapatikana wa mwisho wenu kama alivyopatikana Abu Tufayl, na atapatikana wa mwisho wetu pia. Hakuna awezaye kuchagua awe wa ngapi kuondoka. Tunachoweza kuchagua ni tutakachokuwa tumekabidhi kabla ya hapo.

Basi kama nyumbani kwenu yupo mzee, leo baada ya swala ya Alasiri kaa naye. Chukua kalamu na karatasi, umuulize jina la mwalimu wake.

Wabillahi tawfiq.