Kengele ya Tangi la Maji: Somo la Kuanza na Arduino



Ijumaa moja muhula uliopita ndugu zetu walifika kutawadha, wakafungua mabomba, ikatoka hewa tu. Tangi lilikuwa tupu. Wengine walirudi mabwenini mbio kutafuta maji, wengine wakakosa rakaa ya kwanza. Mwenye dhamana ya maji nilikuwa mimi. Na wiki mbili kabla nilikuwa nimejisifu mbele ya watu kwamba nimetengeneza kengele itakayolia kabla maji hayajaisha. Siku hiyo haikulia.

Makala haya yanaeleza namna ya kuitengeneza kengele hiyo, na kwa nini ya kwangu ilinyamaza. Nasoma masomo ya Kiislamu, mwaka wa pili, na fizikia niliachana nayo sekondari. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiseme mambo haya ni ya wahandisi peke yao.

Ubao wenyewe

Arduino ilianza mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, ili wanafunzi wasio mafundi wa umeme waweze kubuni vitu vinavyofanya kazi. Ubao wa aina ya Uno unaenea kiganjani. Una chipu moja ambayo ni kompyuta ndogo kamili, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu kwa ajili ya programu. Pembeni kuna pini 14 za kidijitali. Pini ya kidijitali inajua hali mbili: volti 5, ambayo kwenye programu huitwa HIGH, na volti 0, ambayo huitwa LOW. Upande wa hasi umeandikwa GND.

Programu unaiandika kwenye kompyuta, kisha unaipeleka kwenye ubao kwa waya wa USB. Ina sehemu mbili: setup, inayosomwa mara moja ubao unapowaka, na loop, inayorudiwa bila kukoma.

Zoezi la 1: kuwasha taa

Chukua taa ya LED nyekundu. Mguu mrefu ni chanya, mfupi ni hasi. Mimi niliiunganisha moja kwa moja kwenye volti 5. Iling'aa kwa nguvu, ikafa. LED haijizuii, hunywa umeme kadiri inavyopewa, ndiyo maana huwekewa rezista.

Hesabu yake ni nyepesi. LED nyekundu hutumia kama volti 2, kwa hiyo kati ya volti 5 zinabaki 3. Ukiweka rezista ya omu 220, gawanya 3 kwa 220: unapata kama miliampia 14. Pini moja inashauriwa isitoe zaidi ya miliampia 20, basi tumo ndani ya mpaka.

Zoezi la 2: kusoma swichi

Pini isiyounganishwa na kitu huwa inaelea: mara inasoma HIGH, mara LOW, hata ukisogeza mkono karibu yake. Dawa yake ni kuandika INPUT_PULLUP. Neno hilo linawasha rezista iliyomo ndani ya chipu, nayo inaivuta pini kwenye volti 5. Kisha unganisha swichi kati ya pini na GND. Ncha za swichi zikiachana, pini inasoma HIGH. Zikigusana, inasoma LOW. Wanaoanza wengi hudhani ni kinyume chake, kwa hiyo liandike daftarini.

Zoezi la 3: tangi

Swichi ya boya ni boya dogo lenye sumaku, linalopanda na kushuka kwenye kijiti. Ndani ya kijiti mna ncha mbili za chuma ambazo sumaku inazigusanisha au kuziachanisha. Maji hayafiki kwenye ncha hizo. Langu nililiagizia kwa ndugu aliyekuwa akienda Kampala. Nililining'iniza ndani ya tangi, robo kutoka chini, nikavuta waya hadi chumba cha imamu, ulipo ubao.

Mara ya kwanza nilipanga hivi: maji yakipungua, ncha zigusane, pini isome LOW, kengele ilie. Nilijaribu kwa ndoo, ikalia vizuri. Nikafunga kazi.

Kisha panya akatafuna waya. Hapo ndipo somo lilipo. Kwa pini, waya uliokatika na ncha zilizoachana ni kitu kimoja: zote mbili ni HIGH. Na katika programu yangu HIGH ilimaanisha maji yapo. Kwa hiyo siku zote zile ubao ulikuwa ukiamini kwamba tangi lina maji, nami nikiuamini ubao.

Darasa la usuli tulikuwa tumesoma istis'habu: jambo huhesabiwa lipo katika hali yake ya awali mpaka ije dalili kwamba limebadilika. Ustadhi alisisitiza kuwa hukimbiliwa mwisho, baada ya kutafuta dalili na kuikosa. Mimi sikutafuta. Jana tangi lilikuwa na maji, leo kengele imenyamaza, basi nikahukumu kwamba maji yapo. Sikupanda ngazi hata siku moja kutazama.

Kurekebisha

Kwa boya langu ilitosha kulitoa kwenye kijiti na kuligeuza juu chini. Sasa maji yakiwepo, ncha zinagusana: LOW, kimya. Maji yakipungua, zinaachana: HIGH, kengele inalia. Na waya ukikatika popote pia ni HIGH, kengele inalia. Hitilafu ya waya sasa inajitangaza yenyewe.

Limebaki tatizo moja: umeme wa ubao ukikatika, kengele nayo inanyamaza. Kwa hiyo niliongeza taa ya kijani, pamoja na rezista yake, inayomulika kila sekunde. Isipomulika, usiuamini ubao.

Programu yote ni hii:

const int boya = 2;
const int kengele = 8;
const int taa = 13;

void setup() {
  pinMode(boya, INPUT_PULLUP);
  pinMode(kengele, OUTPUT);
  pinMode(taa, OUTPUT);
}

void loop() {
  digitalWrite(kengele, digitalRead(boya));
  digitalWrite(taa, HIGH);
  delay(500);
  digitalWrite(taa, LOW);
  delay(500);
}

Majina ya pini nimeyaweka kwa Kiswahili, ubao haujali. Mstari wa kwanza ndani ya loop unasema: hali ya boya iwe ndiyo hali ya kengele. Namba 500 ni milisekunde, yaani nusu sekunde.

Tahadhari: tumia volti 5 tu, kutoka kwenye chaja ya simu, na ubao ukae mahali pakavu. Nyaya za pampu usiziguse, hizo ni za fundi umeme. Na kila Alhamisi jioni, vuta waya mmoja wa boya makusudi. Kengele isipolia, tafuta sababu kabla ya Ijumaa.

Mwezi uliopita kengele ililia baada ya Isha. Nilipanda na tochi, nikakuta tangi limejaa mpaka juu. Chini, ndugu mmoja akacheka kwamba kengele yangu ni ya uongo. Nilifuata waya hadi mwisho, nikakuta ncha moja imechomoka kwenye skrubu yake. Niliikaza, ikanyamaza, nikaenda kulala.

Anayetaka kujifunza, tukutane Jumamosi baada ya Asri, dada na kaka wote. Ubao mmoja unatosha watu wanne. Njoo na kompyuta kama unayo, na daftari hata kama huna.

Wabillahi tawfiq.