HUZUNI INAPOGEUKA UGONJWA, TUSIIFICHE

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Mtu akivunjika mguu, jirani wote wanakuja kumpa pole. Akiugua akili, tunanong'ona: ana jini, imani yake ni ndogo. Basi mgonjwa ananyamaza, na ugonjwa unakua. Leo tutazame mtu ambaye vijana wetu wanamjua, mchezaji mpira Andrés Iniesta wa Hispania.

Mwezi wa tano 2009 timu yake, Barcelona, ilichukua kombe la Ulaya kule Roma. Mali alikuwa nayo, jina alikuwa nalo. Lakini mwili ulikuwa na majeraha, na furaha ikaanza kumtoka. Mwezi wa nane rafiki yake Dani Jarque, kapiteni wa Espanyol, alikufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 26. Iniesta akazama. Baadaye alieleza mbele ya watu kwamba alikuwa akingoja usiku ufike, ameze kidonge, apate kupumzika.

Alifanya nini? Aliomba msaada, akatibiwa na mtaalamu wa mambo ya akili. Tarehe 11 mwezi wa saba 2010, kule Johannesburg, dakika ya 116, alifunga bao la pekee la fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Uholanzi. Alipovua jezi, nguo ya ndani ilikuwa na jina la Jarque. Ugonjwa ule haoni haya kuutaja.

Ndugu msomaji, Qurani inatueleza kwamba Nabii Yaakub (a.s.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe. Je, alikosa imani? Hasha! Naye Mtume wetu (s.a.w.) alituamuru tujitibu.

Tunajifunza:
1. Ukikosa usingizi, hamu ya kula na furaha kwa majuma mawili, usingoje. Mwambie mtu unayemwamini, uende kwa munganga wa hospitali.
2. Mgonjwa wa akili atembelewe kama mgonjwa wa malaria. Asichekwe, asifungwe kamba.
3. Dua na dawa haviachani.

Ukitoa salamu ya mwisho leo, mtazame ndugu uliyegusana naye bega. Pengine naye anangoja usiku ufike. Muulize hali yake, na usiondoke kabla hajajibu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, wanaojulikana na wanaojificha. Amin.