Kijana, jipime kwanza kabla ya kudungwa sindano ya homoni

KATIKA miji ya Meru na Embu, sawa na miji mingine humu nchini, vijana wengi wa kiume humwendea daktari na malalamiko yanayofanana: uchovu usioisha, hamu ya mapenzi iliyopungua, kushindwa kutimiza wajibu chumbani, au misuli isiyoongezeka licha ya mazoezi. Baadhi yao huwa wamekwisha kuambiwa na rafiki au muuza dawa kwamba tiba ni sindano ya testosteroni. Wanalotaka kujua ni lini watadungwa.

Msomaji, kabla ya swali hilo kuna maswali mawili ya kujiuliza. La kwanza: je, ni kweli mwili wangu umepungukiwa na homoni hii? La pili: je, ningali nataka kupata watoto? Majibu ya maswali haya ndiyo yanayoamua kama tiba hii itakufaa au itakudhuru.

Kazi ya homoni hii

Testosteroni ni homoni inayotengenezwa hasa katika korodani. Ndiyo inayompa mvulana sauti nzito, ndevu, misuli na hamu ya mapenzi anapobaleghe. Kwa mtu mzima huendelea kuimarisha mifupa, kusaidia kutengeneza damu na kudumisha ashiki.

Korodani hufanya kazi mbili, kutengeneza testosteroni na kutengeneza mbegu za uzazi. Kazi zote mbili hufanywa kwa amri kutoka kwa tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari. Tezi hii hutuma homoni mbili ambazo tunaweza kuziita wajumbe. Mmoja huamrisha testosteroni itengenezwe na mwingine husaidia kazi ya mbegu. Ubongo ukiona testosteroni imetosha katika damu, hupunguza amri hizo.

Hapo ndipo penye hatari ambayo vijana wengi hawaijui. Ukidungwa testosteroni kutoka nje, ubongo huona damu imejaa homoni na kuacha kutuma wajumbe. Korodani hukosa kazi na huanza kusinyaa. Mbegu hupungua, na mara nyingi hutoweka kabisa.

Jambo hili limethibitishwa. Mwaka wa 1990, Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha wanaume 271 wenye afya njema waliodungwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki. Kati yao, 157 walifikia hali ya kutokuwa na mbegu hata moja. Lengo la utafiti huo lilikuwa kutafuta njia ya wanaume kupanga uzazi. Kwa hivyo, dawa ambayo kijana huikimbilia ili awe mwanamume kamili ndiyo hiyo hiyo iliyojaribiwa kama kizuizi cha mimba.

Mifano miwili

Tuchukue mfano wa dereva wa miaka 27 anayesafirisha miraa usiku kutoka Maua hadi Nairobi. Hutafuna ili asisinzie, hulala saa nne au tano mchana, na hunywa pombe ili kuondoa stimu apate usingizi. Kitambi kimeanza kutokeza. Amepimwa testosteroni saa tisa alasiri baada ya kukesha, na kipimo kimeonyesha kuwa iko chini.

Kijana huyu hajathibitishwa kuwa na upungufu. Testosteroni hupanda mtu anapolala na kushuka kadiri siku inavyosonga. Mwaka wa 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kuwa vijana wenye afya waliolala saa tano tu kila usiku kwa wiki moja walishuka testosteroni ya mchana kwa asilimia 10 hadi 15. Utafiti uliofanyiwa wanyama kuhusu miraa na homoni hii umetoa matokeo yanayokinzana, lakini kukosa usingizi huweza kuishusha. Unene na pombe nyingi pia huishusha. Ushauri kwa dereva huyu, na kwa mtafunaji wa muguka kule Mbeere, ni kulala vya kutosha, kupunguza pombe na uzani, kisha kupimwa upya. Wengi hupanda bila sindano yoyote.

Mfano wa pili ni mwalimu wa miaka 25 kutoka Runyenjes. Ni mrefu, ndevu zake ni chache sana, kifua kimevimba kama matiti, na korodani zake zimekuwa ndogo na ngumu tangu abaleghe. Amepimwa mara mbili asubuhi na mara zote testosteroni iko chini sana, huku wajumbe wa pituitari wakiwa wengi kupita kiasi. Ubongo unatoa amri lakini korodani haziwezi kuitii. Huenda alizaliwa na kromosomu ya X ya ziada, hali iitwayo Klinefelter, ambayo humpata takriban mwanamume mmoja kati ya 600. Kwa kijana kama huyu, tiba ya testosteroni ni halali na ni ya lazima, kwani bila hiyo mifupa na misuli yake itadhoofika. Hata hivyo, aonane na mtaalamu wa uzazi kabla ya kuanza, kwa sababu wakati mwingine mbegu huweza kutolewa katika korodani kwa upasuaji.

Jinsi ya kupimwa

Ukitaka kujua uko upande gani kati ya hawa wawili, zingatia yafuatayo:

1. Pima damu mara mbili, siku tofauti, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kabla ya kula na baada ya kulala vizuri. Usipime ukiwa mgonjwa. Mfanyakazi wa zamu ya usiku amweleze daktari saa anazolala na kuamka.

2. Soma vipimo kwa makini. Tangu 2018, madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani hutumia nanogramu 300 kwa kila desilita ya damu kama mpaka wa chini. Maabara nyingine huandika nanogramu 3 kwa kila mililita, au nanomoli 10.4 kwa kila lita. Hizo zote ni kiwango kimoja.

3. Kipimo kikiwa chini mara zote mbili, wajumbe wa pituitari pia wapimwe. Wakiwa wengi, kasoro iko kwenye korodani. Inaweza kuwa imetokana na matubwitubwi yaliyokupata baada ya kubaleghe, kupopotoka kwa korodani, au korodani ambazo hazikushuka utotoni. Wakiwa wachache, kasoro iko juu, katika ubongo au pituitari. Uvimbe wa pituitari huweza kuleta maumivu ya kichwa, kutoona vizuri pembeni, au maziwa kutoka kifuani. Aina moja ya uvimbe huo hutibiwa kwa tembe, na testosteroni mara nyingi hurudi yenyewe.

4. Chunguza pia kisukari, shinikizo la damu, msongo wa mawazo na dawa unazotumia. Kijana akishindwa chumbani, mara nyingi chanzo huwa hapo wala si homoni.

Ukipimwa Hospitali ya Rufaa ya Meru, ya Embu au kwingineko, weka karatasi zote za majibu. Mtaalamu wa homoni atazihitaji.

Ukiamua kuanza

Dawa hii huja kwa namna ya sindano ya kila baada ya wiki mbili au tatu, sindano ya muda mrefu ya kila baada ya wiki 10 hadi 14, au mafuta ya kupaka kila siku. Anayepaka ahakikishe mke na watoto hawagusi sehemu aliyopaka, kwani homoni huweza kuwaingia.

Mwenye upungufu wa kweli usioponyeka huitumia maisha yake yote. Gharama na safari za hospitali ni sehemu ya uamuzi. Damu nayo ipimwe kabla ya kuanza, baada ya miezi mitatu hadi sita, kisha kila mwaka. Testosteroni huongeza chembe nyekundu, na zikizidi asilimia 54 ya damu dawa husimamishwa, maana damu nzito huganda. Wanaoishi nyanda za juu, karibu na Mlima Kenya, wamkumbushe daktari, kwani damu yao tayari huwa nzito kidogo.

Usianze dawa hii ikiwa unatarajia kupata mtoto karibuni, una saratani ya tezi dume au ya titi, au unakoroma na kukatika pumzi usingizini bila matibabu. Mwanaspoti ajue kuwa testosteroni imepigwa marufuku michezoni wakati wote, na anayeihitaji kwa ugonjwa sharti apate kibali kwanza.

Usitulizwe pia na habari kwamba dawa hii ni salama kwa moyo. Utafiti mkubwa wa 2023 ulihusu wanaume wa miaka 45 hadi 80 waliofuatiliwa kwa wastani wa chini ya miaka mitatu. Hautoi hakikisho kwa mwenye miaka 25 atakayeitumia kwa miaka 40.

Ikiwa tayari unajidunga, usione haya kumwambia daktari. Takwimu zilizokusanywa mwaka wa 2006 zilionyesha kuwa, miongoni mwa wanaume waliokuwa na mbegu za kawaida, thuluthi mbili walirudia kiwango cha mbegu kinachowezesha kupata mtoto miezi sita baada ya kuacha, na asilimia 90 baada ya mwaka. Miezi ya mwanzo huwa na uchovu na huzuni, kwa hivyo uache ukiwa chini ya uangalizi. Kwa wale ambao tezi yao ya pituitari ndiyo yenye kasoro, kuna sindano nyingine zinazoamsha korodani bila kuua mbegu.

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Vipimo viwili vya asubuhi na usingizi wa kutosha huchukua wiki chache tu. Kurudisha mbegu zilizopotea huweza kuchukua mwaka au zaidi, na huenda mwenzako nyumbani anasubiri mtoto.