Sheria Iliyo Juu ya Sheria

Mtoto wa Msasani, katika mji wa Tukuyu, huzijua amri nyingi kabla hajaanza kusoma vitabu vya sheria. Sokoni mwenye kuuza ndizi hutozwa ushuru. Ushuru huo haukuamriwa na mtoza ushuru, bali na Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe kwa sheria ndogo. Nayo Halmashauri haina uwezo huo kwa nafsi yake. Imepewa na sheria iliyotungwa na Bunge.

Je, Bunge nalo limepewa uwezo na nani? Hapo ndipo elimu ya katiba inapoanza. Katiba ni sheria inayosema nani atawale, kwa muda gani, na mipaka yake ni ipi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ni ya mwaka 1977. Ibara yake ya 64 yasema kwamba sheria yoyote ikipingana na Katiba, basi kwa kadiri inavyopingana nayo ni batili. Neno hilo ni zito, kwa maana hata Bunge lina wa kulizuia.

Mwaka 1971 Bunge lilitunga Sheria ya Ndoa. Kwa kifungu cha 13 mvulana alitakiwa kutimiza miaka 18 ndipo aoe, lakini msichana aliweza kuolewa akiwa na miaka 15. Kifungu cha 17 kilitaka idhini ya baba kwa msichana asiyefika miaka 18. Idhini yake mwenyewe sheria iliitaka pia, lakini binti wa miaka 15 atamkatalia vipi baba yake? Tena umri huo ni umri wa shule, na aliyeolewa mara nyingi masomo yake hukoma.

Wakati ule Katiba haikuwa na sehemu ya haki za raia. Haki hizo ziliingizwa mwaka 1984, na ibara ya 13 ikasema kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria. Basi zikawako sheria mbili zisizopatana, zikakaa hivyo miaka mingi. Sheria yenye kasoro haijifuti; sharti mtu aende mahakamani, na ibara ya 26 yampa kila mtu haki ya kuihifadhi Katiba kwa njia ya sheria.

Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alipeleka shauri Mahakama Kuu. Mwezi wa Julai mwaka ule majaji wakaamua kwamba vifungu vile viwili vinakiuka Katiba, wakaipa Serikali mwaka 1 kuvirekebisha. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufani. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, ambayo hakuna iliyo juu yake nchini, ikaitupa rufani hiyo.

Wanaoanza elimu hii hudhani kwamba majaji walitunga sheria mpya ya ndoa. Sivyo. Jaji hupima sheria kwa Katiba, kama mwenye duka apimavyo maharage kwa mizani. Hana ruhusa ya kuyaongeza. Kutunga ni kazi ya Bunge. Kwa hiyo ibara ya 30 yairuhusu Mahakama kuipa Serikali au Bunge muda wa kusahihisha kasoro, badala ya kuitangaza sheria kuwa batili papo hapo. Na katika muda huo sheria ile ile huendelea kutumika.