Anyamazaye Hajakubali

Watu wa jamaa moja tunayoijua walifanya baraza hivi karibuni, wala hawakuketi chumba kimoja. Walikutana kwa intaneti, kila mtu na simu yake: kaka mkubwa Dar es Salaam, wa pili Mwanza, wa tatu Nairobi, na dada yao mdogo kijijini, pamoja na mama yao mgonjwa. Shauri lilikuwa moja: mama apelekwe mjini, ama abaki kwake na kutafutiwa msaidizi? Kwa muda wa saa nzima kaka wawili walisema, wakabishana, wakapatana. Mwishowe mkubwa akauliza, "Kuna mwenye neno?" Kimya. Basi ikakatwa kwamba mama ahamishwe. Kesho yake dada alimpigia simu shangazi, akalia. Yeye ndiye amwoshaye mama na kumlisha kila siku, naye alijua kwamba mama hataki kabisa kuiacha nyumba yake.

Tulipolisikia jambo hilo, kwanza tuliwalaumu wale kaka. Baadaye twaliona kwamba kosa si lao peke yao.

Watu hawakuumbwa na tabia moja. Carl Gustav Jung, daktari wa maradhi ya akili wa nchi ya Uswisi, alitoa kitabu mwaka 1921 akiwapambanua wale ambao moyo wao huelekea nje, kwa watu na mambo, na wale ambao huelekea ndani. Wataalamu waliomfuata wamesahihisha kidogo: tabia hizo si vyumba viwili, bali ni kama ngazi, na wengi wetu twasimama katikati. Walakini mtu wa tabia ya nje, aghalabu, husema upesi na kwa wingi kuliko mwenziwe. Tena tusichanganye utulivu na haya. Mtulivu hunyamaza kwa kuwa haoni haja ya kusema. Mwenye haya anataka kusema, lakini anaogopa. Kwa macho ya mwenyekiti wote wawili ni kimya kimoja, hali mioyoni mwao mna mambo mbalimbali.

Sasa tuitazame ile njia yenyewe ya kuzungumza. Mwaka 2009 wataalamu walitoa habari za lugha 10 za mabara mbalimbali, mojawapo ikiwa ya watu wa Namibia, wakipima muda unaopita kati ya swali na jibu. Kwa wastani waliona ni karibu sehemu ya tano ya sekunde. Muda huo ni mfupi mno, hata yampasa msikilizaji kuyatayarisha maneno yake kabla mwenziwe hajamaliza. Katika baraza la kuketi pamoja twasaidiwa na macho: mzee huona fulani ameinua kidevu au amevuta pumzi, akampa nafasi. Katika simu nyuso ni ndogo kama stempu, na wengine wameifunga kamera ili kuokoa bando. Sauti nayo yachelewa njiani. Watu wawili huanza pamoja. Jasiri huendelea, mpole husema, "Samahani, endelea," wala harudi tena. (Hatumsemi yule baba anayehutubia dakika tano na kipaza sauti chake kimefungwa.) Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba sauti ikichelewa, wasemaji humdhania mwenzao kuwa hana usikivu, kumbe kosa ni la mitambo.

Kwetu sisi liko jambo la pili, nalo ni malezi. Msichana aliyefunzwa adabu hamkatizi kaka yake mkubwa. Ikiwa pia ana haya, amefungwa kwa kamba mbili, na simu imeongeza ya tatu.

Je, wenye maneno mengi wanyamazishwe? Hapana. Bila wao mikutano mingi ingekufa. Lakini yafaa kujua kwamba kungojea zamu kwaua mawazo. Mwaka 1987 Diehl na Stroebe, waliofanya majaribio Ujerumani, walionyesha kwamba watu wanaotoa mawazo kwa zamu katika kundi hupata machache kuliko watu wa idadi ile ile wanaofikiri kila mmoja peke yake. Kwa hiyo shauri zito litangazwe siku moja kabla, na kila mtu aruhusiwe kuandika neno lake. Watafiti wa Marekani walieleza mwaka 2002 kwamba watu wenye woga mbele za wengine huona ni rahisi zaidi kujieleza walivyo kwa intaneti. Wakati huo mazungumzo ya intaneti yalikuwa hasa ya maandishi, tena kila simu ya leo inayo nafasi ya kuandika kando ya mkutano.

Tena lile swali "Kuna mwenye neno?" liachwe. Swali la watu wote halina mwenyewe. Aulizwe mtu kwa jina lake, na aanze yule abebaye mzigo, hata akiwa ndiye mdogo wa wote.

Ile jamaa ilikutana mara ya pili, kwa shauri la shangazi. Safari hii kaka mkubwa alianza hivi: "Dada, wewe uliye na mama, waonaje?" Alisema karibu dakika kumi, wala hakuna aliyemkatiza. Mama yuko kwake hata sasa. Shauri la nani atamlipa msaidizi bado halijesha, na dada ndiye anayewasumbua kaka zake kwa maswali.