Uhasibu Mapema: Je, Wafaa?

Wazazi wengi huuliza kama kijana akianza mapema kusoma mambo ya fedha atasaidika chuoni na kazini, au atapungukiwa. Sisi twaona kwamba uhasibu wafaa ukijengwa juu ya hisabati. Wadhuru ukichukua mahali pake.

Mwaka 1494, mjini Venice, Mtawa Mfransisko Luca Pacioli alipiga chapa maelezo ya kuandika kila fedha mara mbili, itokako na iendako. Maelezo hayo aliyatia ndani ya kitabu kikubwa cha hisabati, wala hakuyatenga.

Hapa Tanzania, kijana wa kidato cha tano achaguaye Uchumi, Biashara na Uhasibu huiacha hisabati ya juu, na mlango wa uhandisi humfungikia. Mwenzake asomaye Uchumi, Jiografia na Hisabati, akifaulu, bado aweza kusomea uhasibu chuoni, kisha kuikabili mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972.

Basi, wazazi wapenzi, tuwazoeze watoto kuandika mapato na matumizi nyumbani, maana humo hujifunza uaminifu. Lakini kabla mchepuo haujachaguliwa, tumwulize mwalimu ni milango ipi itakayofunguka na ipi itakayofungwa. Talanta ya mtoto ni amana ya Mungu. Tusiifukie kwa haraka yetu.