MUHOGO WAKO UNAUGUA NINI?

Wewe mkulima wa Likoni, Kisauni au Changamwe, labda umepata kuona jambo hili. Shamba la muhogo limesitawi, miti imekupita urefu, na jirani akipita husifu. Siku ya kuvuna wang'oa shina la kwanza, wakata muhogo kwa kisu, na ndani mna madoa ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo cha chupa. Mwenye karai la mihogo ya kukaanga haununui, na nyumbani hauliki. Watu watakuambia kwamba ni chumvi ya udongo, au ni jicho la mtu. Sivyo. Huo ni ugonjwa, na jina lake ni michirizi ya kahawia.

Ugonjwa huu si mgeni pwani. Bwana H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara. Ndugu yake, batobato, alielezwa huko huko Usambara mwaka 1894. Yote mawili huletwa na virusi, vitu vidogo mno ambavyo hata darubini ya kawaida haivioni. Nzi weupe, wale wanaoruka ukitikisa majani, huvichukua kutoka mti hadi mti. Lakini mchukuzi mkubwa, tusifichane, ni mkulima mwenyewe. Hukata mbegu katika shina lenye ugonjwa, akapanda, akampa na shemeji yake ng'ambo ya feri.

Basi anza na macho yako, maana hayo hayana gharama. Batobato hutazamwa juu, katika majani machanga: yana mabaka ya manjano, yamejikunja na kwenda upande. Michirizi ya kahawia hutazamwa chini, katika majani yaliyokomaa: manjano hufuata mishipa ya jani, nalo jani halijikunji. Tazama pia shina lingali kijani, kama lina mistari ya kahawia. Kisha kata muhogo wenyewe kwa upana, mahali pengi, si mahali pamoja tu. Utitiri nao huharibu majani ya juu, yakawa madogo yenye vidoadoa, na wengi huudhani kuwa ni batobato.

Hata hivyo macho hudanganyika. Wakati wa kiangazi majani ya chini huanguka, na alama ya ugonjwa huanguka pamoja nayo. Kuna aina ya muhogo ambayo majani yake huonyesha ugonjwa na mizizi ni mizuri, na nyingine kinyume chake. Tena mti mmoja waweza kuwa na magonjwa yote mawili. Hapo hata Bwana Shamba mzoefu hukuna kichwa, na zamani hakuwa na njia ila kupeleka majani katika maabara ya mbali na kungoja, na huku mvua za masika hazimngoji mtu.

Siku hizi kipo chombo cha kusoma ugonjwa pale pale shambani. Huitwa MinION, nacho hutengenezwa na kampuni ya Oxford Nanopore ya Uingereza. Hutoshea katika kiganja cha mkono, na uzito wake ni mdogo. Kazi yake ni hii. Kila kiumbe kina maagizo ya urithi ndani ya mwili wake, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu katika uzi mwembamba sana. Virusi navyo vina maagizo yao. Ndani ya chombo mna ngozi nyembamba yenye matundu madogo mno, na umeme hupita katika matundu hayo. Uzi wa urithi unapopita tunduni, umeme hubadilika kwa kadiri ya herufi zilizomo. Mvuvi avutaye kamba gizani hulijua kila fundo kwa vidole vyake, ingawa halioni. Chombo nacho huzijua herufi kwa namna hiyo. Kisha kompyuta hulinganisha maandishi hayo na ya virusi vinavyojulikana, ikataja jina.

Mwaka 2019 wataalamu, miongoni mwao Laura Boykin, Titus Alicai wa Uganda na Elijah Ateka wa Kenya, walitoa habari ya kazi waliyoifanya katika mashamba matatu, moja Tanzania, moja Uganda na moja Kenya. Vyombo vyao vilitumia betri. Walipima jani, shina, muhogo na hata wadudu, wakaona virusi vya batobato. Tangu kufika shambani mpaka kupata jibu la kwanza hazikupita saa tatu. Mkulima alijua siku ile ile.

Lakini usikimbilie kuuliza chombo hiki kinauzwa duka gani. Ni kazi ya wataalamu, na dawa zake za kupimia ni za gharama. Tena virusi vya michirizi ya kahawia uzi wao ni wa namna nyingine, kwa kawaida hugeuzwa kwanza ndipo usomwe, kwa hiyo kazi yake ni ndefu kuliko ile ya batobato. Wala chombo hakiponyi. Mti ulioshikwa na virusi hauna dawa ya kunyunyiza. Huambiwa jina la ugonjwa ili ujue la kung'oa na la kupanda.

Na hapo ndipo penye uzito. Mwenye ekari moja Mwakirunge au Mtongwe akiambiwa ang'oe, anang'oa chakula cha watoto. Ndiyo maana jina sahihi lina thamani: asing'oe kwa sababu ya utitiri, wala asiache michirizi imalize shamba zima. Miti michache ikiugua katika miezi mitatu ya mwanzo, ing'oe na kuichoma. Ikiwa imekomaa, vuna mapema, maana madoa huzidi kadiri muhogo unavyokaa ardhini, na usichukue mbegu hapo hata moja. Kibandameno ni tamu, nakubali, lakini magonjwa haya huishinda. Kaleso ilitokana na kazi ya Amani ya kuchanganya muhogo na mpira wa mwituni, nayo huivumilia michirizi vizuri. Kituo cha utafiti cha Mtwapa, ng'ambo tu ya Kisauni, kimetoa aina nyingine kama Tajirika, Shibe na Karembo. Uliza huko kabla ya masika.

Ukitaka kumpelekea Bwana Shamba au Bibi Shamba majani ya kupimwa, chuma asubuhi. Kwa batobato chukua jani changa, kwa michirizi jani la chini lenye manjano. Usitie katika mfuko wa plastiki, yataoza. Yabane katikati ya gazeti kavu, kila mti na karatasi yake. Juu yake andika tarehe, mahali, aina ya muhogo, umri wake, na mbegu uliitoa kwa nani.